Kumhoji Mtoto Aliyeshuhudia au Kutendewa Jambo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya maofisa wa Dawati la Jinsia na Watoto, maofisa ustawi wa jamii, walimu, mawakili, na kwa mzazi ambaye jana usiku mtoto wake alimwambia jambo lililomwondolea usingizi. Sheria tulizozitaja ni za Tanzania na Kenya. Kumbukumbu ya mtoto hufanya kazi kwa namna ileile popote.

Kumbukumbu ya mtoto inaaminika kweli?

Inaaminika kuliko wengi wanavyodhani, ila kwa sharti: mtoto aeleze kwa maneno yake mwenyewe kabla watu wazima hawajamlisha maneno. Mtoto wa miaka 4 anaweza kusimulia kwa usahihi jambo lililomtokea miezi kadhaa nyuma. Tatizo ni kwamba husimulia kwa ufupi sana. "Alinipiga. Nikalia. Nikaenda kwa bibi." Basi. Katika simulizi ya namna hiyo makosa mengi ni ya kuacha vitu, si ya kuongeza visivyokuwepo.

Ufupi huo ndio unaomponza. Mhojaji anaona mtoto hasemi, anaanza kumsaidia: "Alikupiga na mkanda? Alikuwa amelewa? Mama alikuwepo?" Kuanzia hapo anayesimulia ni mhojaji, na mtoto anaitikia tu.

Ni kuanzia umri gani mtoto anaweza kuhojiwa?

Chini ya miaka 3 ni vigumu kupata simulizi inayoweza kusimama yenyewe. Miaka 3 hadi 5 inawezekana, ila hicho ndicho kipindi cha hatari kubwa zaidi ya kupandikizwa mambo. Kuanzia miaka 6 au 7 mtoto husimulia kwa mpangilio na huweza kumsahihisha mtu mzima akifundishwa kwamba anaruhusiwa. Hata hivyo umri peke yake haukupi jibu. Mtoto wa miaka 5 aliyeulizwa vizuri ni shahidi bora kuliko wa miaka 10 aliyeulizwa vibaya mara sita.

Swali la "ndiyo au hapana" lina ubaya gani?

Mtoto mdogo huamini kwamba mtu mzima akiuliza, jibu lipo. Mwaka 1980 Martin Hughes na Robert Grieve waliwauliza watoto wa miaka 5 na 7 maswali yasiyo na maana, kwa mfano kama maziwa ni makubwa kuliko maji. Karibu wote walijibu, na wengine wakatoa na sababu. Hawakuwa waongo. Walikuwa wanajitahidi kumridhisha aliyeuliza.

Kwetu kuna jambo la ziada. Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo hafundishwi kumwambia mkubwa "umekosea". Akiulizwa na polisi, mwalimu au baba mkubwa, "ndiyo" ndilo jibu la adabu. Na ukimrudia kwa swali lilelile, atadhani jibu la kwanza lilikuwa baya, abadilishe. Watoto wa miaka 4 hufanya hivyo mara nyingi, hasa kwa maswali ya ndiyo na hapana.

Je, ni kweli mtoto anaweza kumsingizia mtu asiye na hatia bila nia ya kudanganya?

Ndiyo, na upo ushahidi wa kutosha. Mwaka 1983 zilianza tuhuma katika shule ya awali ya McMartin, Manhattan Beach, California. Mamia ya watoto walihojiwa kwa vikaragosi, wakaambiwa wenzao wameshasema, wakasifiwa walipokubali, wakaombwa wakisie kilichowezekana kutokea. Mahojiano hayo yalirekodiwa kwa video. Kesi iliisha mwaka 1990 bila mtu yeyote kutiwa hatiani.

Watafiti wakiongozwa na Sena Garven walizichukua mbinu hizohizo na kuzijaribu kwa watoto wa miaka 3 hadi 6 waliotembelewa darasani na mgeni aliyewasomea hadithi. Kundi lililoulizwa maswali elekezi (yanayobeba jibu ndani yake) peke yake lilikubali mambo ya uongo kuhusu mgeni kwa kiasi cha asilimia 17. Kundi lililoongezewa sifa, lawama na "wenzako wameshasema" lilifika asilimia 58, na mahojiano yenyewe hayakufika dakika 5. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1998. Tafadhali usiyapite haraka: utafiti wao uliofuata, wa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kilichoharibu zaidi ni sifa kama "Ee, umefanya vizuri, wewe mtoto hodari!" baada ya jibu lililotakiwa. Tunalisema neno hilo kwa upendo, hatujui linafundisha nini.

Maneno yaliyosemwa kabla ya tukio nayo yana nguvu. Michelle Leichtman na Stephen Ceci, katika utafiti wa mwaka 1995, waliwasimulia watoto wa shule ya awali visa vya mtu aitwaye Sam Stone, kwamba ni mzembe na huharibu vitu. Kisha Sam Stone akaja darasani kwa takriban dakika 2, hakugusa kitu, akaondoka. Kwa wiki 10 baadaye watoto waliulizwa mara kwa mara maswali yaliyodokeza kwamba aliharibu kitabu na mdoli. Mwishoni asilimia 72 ya watoto wa miaka 3 na 4 walisema alifanya angalau kimoja, na asilimia 44 walidai walimwona kwa macho yao. Katika kundi ambalo halikupandikizwa chochote, waliodai kumwona walikuwa asilimia 5 tu. Sasa fikiria mtaa ambako tangu Januari kila mtu anasema "yule mzee ni mchawi", na mwezi Machi mtoto anaulizwa kama yule mzee amewahi kumfanyia kitu.

Kosa hili huumiza pande zote. Katika kesi ya Michaels, New Jersey, mwalimu wa shule ya awali alihukumiwa miaka 47, akakaa gerezani miaka 5 kabla hukumu haijatenguliwa mwaka 1993, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu kabisa ya jimbo hilo ikakubaliana kwamba mahojiano yalikuwa ya kushinikiza. Na pale mtoto alipotendewa kweli, mahojiano mabovu humpa mtuhumiwa mlango wa kutokea.

Mahojiano sahihi yanakwenda hatua kwa hatua vipi?

Utaratibu uliofanyiwa utafiti mwingi zaidi ni ule uliotengenezwa miaka ya 1990 na Michael Lamb na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Mtoto ya Marekani. Umebadilishwa kufuata lugha na nchi nyingi. Huu hapa kwa Kiswahili cha kawaida.

1. *Jitambulishe na ukiri kwamba hujui.* "Naitwa fulani. Kazi yangu ni kuzungumza na watoto kuhusu mambo yaliyowatokea. Mimi sikuwepo, kwa hiyo sijui kilichotokea." Njoo bila sare ya polisi. Kaa kimo chake.

2. *Weka masharti, kisha uyafanyie mazoezi.* "Kama hujui, sema sijui. Sitakasirika." Halafu jaribu: "Mbwa wangu anaitwa nani?" Akisema hajui, mwambie, "Sawa, hujui, na umesema hujui." Jaribu na kosa: "Nikisema wewe una miaka 2, utaniambiaje?" Mpaka akusahihishe. Hatua hii huchukua dakika 2 au 3 na wengi huiruka, ilhali ndiyo inayompa mtoto ruhusa ya kukukatalia.

3. *Zoezi la kusimulia.* Chagua siku ya furaha iliyo karibu: Idi, Krismasi, siku ya kwanza shuleni. "Niambie yote yaliyotokea siku ile, tangu ulipoamka mpaka ulipolala." Kila akisimama, sema "Halafu ikawaje?" Dakika 5 hadi 7 zinatosha. Hapa mtoto anajifunza kwamba leo mwenye habari ni yeye, nawe unapima uwezo wake wa kusimulia jambo lisilomuumiza.

4. *Daraja.* "Sasa niambie, umekuja hapa leo kuzungumza nini?" Usitaje mtu, usitaje kosa. Kama hasemi, tumia jambo linalojulikana tayari bila kumtaja mtuhumiwa: "Nimesikia ulizungumza na mwalimu wako Jumatatu. Niambie mlizungumza nini."

5. *Simulizi huru.* "Niambie kila kitu, tangu mwanzo mpaka mwisho." Kisha nyamaza. Sekunde 10 za kimya ni ndefu kwako, si kwake. Akimaliza, mrudishe kwa maneno yake mwenyewe: "Umesema alifunga mlango. Niambie yaliyotokea baada ya kufunga mlango." Sehemu kubwa ya muda iishie hapa.

6. *Nani, wapi, nini.* Uliza juu ya vitu alivyokwisha kuvitaja tu. "Umesema kulikuwa na mtu mwingine. Ni nani?"

7. *Maswali ya kuchagua, mwisho kabisa.* Ukilazimika, ongeza njia ya tatu: "Ilikuwa ndani, nje, au mahali pengine?" Akijibu, rudi mara moja kwenye simulizi: "Niambie zaidi kuhusu hapo."

8. *Funga.* Muulize kama ana jambo la kuongeza au la kukuuliza wewe. Zungumza naye jambo jepesi. Usimwahidi kwamba mtu fulani atafungwa.

Mtie moyo kwa juhudi, si kwa jibu. "Unanisaidia kuelewa" ni sawa ukiisema wakati wowote. "Vizuri!" mara tu baada ya kumtaja mtu ni sumu.

Kiswahili chenyewe kina mitego gani?

Mingi, na miongozo iliyoandikwa kwa lugha nyingine haielezi mitego hii.

"Alinishika" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Maelezo yakitafsiriwa kwa Kiingereza, mfasiri huweka mwanamume bila kuuliza, na jinsia ambayo mtoto hakuisema inaingia kwenye jalada.

"Baba" anaweza kuwa baba mzazi, baba mdogo, baba mkubwa, baba wa kambo, au baba wa jirani. "Babu" anaweza kuwa muuza duka. Kabla hujaandika jina, uliza: "Baba yupi? Watu wengine humwitaje? Analala wapi?" Pata orodha ya watu wote anaowaita baba, kwa sababu kumkamata asiyehusika kumeanzia hapo zaidi ya mara moja.

Swali la kukanusha ni hatari hasa. Ukiuliza "Hakukupiga?", mtoto akajibu "ndiyo", anamaanisha ndiyo, hakunipiga. Likiandikwa kwa Kiingereza, jibu linageuka kinyume. Usiulize kwa kukanusha, kamwe.

"Mkono" ni kuanzia begani hadi vidoleni, na "mguu" vivyo hivyo kuanzia pajani hadi kwenye wayo. Mwache aonyeshe mahali kwa kidole, kisha uandike alipoonyesha.

"Jana" kwa mtoto mdogo ni siku yoyote iliyopita. "Saa mbili" ya mtoto ni ile ya jua kuchomoza, si ya simu. Badala ya saa, tafuta nguzo: kabla ya uji, baada ya adhana ya magharibi, umeme ulipokatika, siku shule ilipofungwa.

"Alinifanyia tabia mbaya" na "alinifanyia matusi" ni maneno yanayojirudia mno kwenye majalada. Kila mtu chumbani anadhani ameelewa. Uliza kwa utulivu: "Tabia mbaya ni nini? Niambie alifanya nini." Kama ana jina lake la nyumbani la sehemu ya mwili, tumia hilohilo alilolitumia, na mwombe aonyeshe ni wapi. Usimsahihishe, usimpe neno la kitabibu.

Viungo vya "si", "eti", "sivyo?" na "au siyo?" hugeuza sentensi yoyote kuwa swali elekezi. "Unakumbuka alivyokuita ndani?" nalo ni elekezi ijapokuwa linasikika kama la upole. Na "kwa nini hukupiga kelele?" si swali, ni lawama.

Ilitokea mara nyingi. Kwa nini mtoto hawezi kutaja idadi wala tarehe?

Jambo likijirudia, kumbukumbu hujenga picha moja ya "inavyokuwaga". Kiini hubaki imara, lakini kanga ya siku ile inahamia siku nyingine. Watu wazima nao wako hivyo. Usimshinikize kutaja idadi, maana atataja yoyote. Uliza kwanza kama ilitokea mara moja au zaidi ya mara moja, kisha "Niambie kuhusu mara ya mwisho", halafu mara ya kwanza, halafu siku anayoikumbuka zaidi. Kila siku ipe jina kwa maneno yake, "siku ya mvua", "siku ya harusi", na uendelee kuitumia ili msichanganye.

Mahojiano yachukue muda gani, na yarudiwe mara ngapi?

Kwa miaka 4 hadi 6, dakika 20 hadi 30 ndizo za maana, baada ya hapo anajibu ili aondoke. Wakubwa wanaweza kwenda karibu saa nzima wakiwa na mapumziko. Usimhoji akiwa na njaa, wala muda wake wa kulala, wala mara tu baada ya uchunguzi wa daktari.

Kurudia si dhambi. Mahojiano ya pili yaliyo huru, siku chache baadaye, yanaweza kuleta mambo mapya ya kweli. Kinachodhuru ni kurudia kwa shinikizo, na kumpitisha kwa mama, bibi, mwalimu, mjumbe, polisi, nesi na wakili, kila mmoja akianza upya. Vituo vya Mkono kwa Mkono vilianzishwa kwa ajili hiyo: huduma zote mahali pamoja.

Mtoto ameniambia mimi kwanza. Nifanye nini usiku huu?

Msikilize mpaka amalize. Uliza maswali yasiyozidi mawili au matatu, yote ya wazi: "Imekuwaje?", "Nani?", "Lini?". Mwambie hana kosa na umefurahi amekwambia. Usimwite aliyetajwa aje ajibu mbele ya mtoto. Usiitishe kikao cha ukoo.

Kama kuna kuumizwa au kuingiliwa, hospitali ndiyo ya kwanza. Usimwogeshe, usifue nguo, zifunge kwenye mfuko wa karatasi au bahasha, si plastiki. Dawa za kuzuia VVU zina kikomo cha saa 72, na mapema ni bora. Fomu ya polisi ni PF3 Tanzania, P3 Kenya. Namba 116 ni ya simu ya bure ya msaada kwa mtoto katika nchi zote mbili.

Kisha kaa uandike: saa ngapi, mlikuwa wapi, wewe ulisema nini hasa, yeye akasema nini hasa. Karatasi hiyo huwa na thamani kubwa miezi ijayo, kwa sababu inaonyesha kwamba maneno yalitoka kwake.

Vipi madoli na michoro?

Madoli yenye maumbile (yaliyotengenezewa sehemu za siri) tusingependekeza kwa mtoto wa chini ya miaka 5. Kutumia mdoli kama "hii ni wewe" kunahitaji aelewe kitu kimoja kikisimama badala ya kingine, na watoto wa miaka 3 wanakosea sana hapo. Atakitia kidole mahali popote penye tundu kwa sababu ni kitu kigeni. Kuchora ili mikono itulie ni sawa. Kumwomba achore kilichotokea, kisha mtu mzima autafsiri mchoro, si sawa.

Mtoto hakulia, alicheka hata. Si dalili ya uongo?

Hapana. Watoto wengi husimulia mambo mazito kwa sauti ya kawaida kabisa. Uwezo wa watu wazima kutambua mtoto anayedanganya kwa kumtazama hauzidi sana kubahatisha, wakiwemo wazoefu. Wataalamu walioonyeshwa video za watoto wa Sam Stone nao hawakuweza kutofautisha.

Alikaa kimya mwaka mzima, na sasa amekana. Tuamini lipi?

Kuchelewa kusema ni kawaida, hasa mtendaji akiwa wa nyumbani. Kuhusu kukana, chunguza kilichotokea katikati: nani amemtembelea, anaishi kwa nani, nani analipa ada, je familia zimeshaelewana kwa ng'ombe au pesa? Linganisha na maelezo ya kwanza na uangalie maswali yaliyoyazaa. Maelezo ya kwanza yaliyotoka kwa swali la wazi yana uzito kuliko kukana kulikofuata kikao cha wazee. Lakini kama ya kwanza nayo yalitoka kwa maswali elekezi, kukana kwake kunastahili kusikilizwa kwa uzito uleule.

Mahakamani sheria zinasemaje?

Tanzania, kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi humtaja mtoto wa umri mdogo kuwa asiyezidi miaka 14. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, anaweza kutoa ushahidi bila kiapo akiahidi kusema kweli na kutosema uongo. Katika rufaa ya Godfrey Wilson dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilielekeza aulizwe mambo mepesi: umri wake, dini yake na kama anaelewa kiapo ni nini, na kama anaahidi kusema kweli. Ahadi iandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Zipo rufaa zilizofaulu kwa sababu haikuonekana. Sayansi inaunga mkono njia hii: kuahidi huongeza ukweli wa watoto, wakati kueleza maana ya "kweli" na "uongo" hakutabiri nani atasema kweli.

Kenya, kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi huruhusu kumtia mtu hatiani katika makosa ya kujamiiana kwa ushahidi wa mtoto peke yake, hakimu akiridhika kwamba anasema kweli na kuandika sababu. Ibara ya 50(7) ya Katiba inaruhusu msaidizi wa kuwasilisha maneno, na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 inalinda mashahidi dhaifu katika kifungu cha 31.

Vipi gwaride la utambulisho, yaani mtoto kuombwa amtambue mtuhumiwa kati ya watu waliopangwa mstari?

Mtuhumiwa akiwa hayupo mstarini, watoto humchagua mtu hata hivyo, kuliko watu wazima. Mwambie waziwazi kwamba huenda hayupo, na mpe njia rahisi ya kulisema hilo. Kwenye picha, kadi ya ziada yenye kivuli cha mtu na alama ya kuuliza hupunguza makosa hayo.

Hatuna kamera. Tuandike vipi?

Andika swali na jibu, yote mawili, neno kwa neno, kwa lugha aliyotumia. Kama alisema Kisukuma au Sheng, andika hivyohivyo, tafsiri iwe pembeni. Mhojaji na mwandishi wawe watu wawili. Usiandike "Mtoto alieleza kuwa alipigwa na baba yake kwa mkanda", kwa sababu sentensi hiyo inaweza kuwa imetoka hapa:

Swali: Baba alikupiga na mkanda, sivyo?
Jibu: Ndiyo.

Au hapa:

Swali: Halafu ikawaje?
Jibu: Baba akavua mkanda. Ule wa kahawia. Akanipiga hapa. (Anaonyesha paja la kushoto.)

Hakimu akipewa ile sentensi ya muhtasari hawezi kujua ni ipi kati ya hizi mbili. Akipewa maswali na majibu, anajua.